Uzi: Ukavu ukeni hedhi ikikaribia kukoma – jeli ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

FundiDawa_Majengo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Uzi huu ni wa wanawake walio kwenye miaka ya arubaini na kitu, hamsini na kuendelea, na waume wao wakitaka kusoma pia wanakaribishwa. Nauza dawa hapa Mombasa, ndiyo kazi niliyoisomea. Kinachonisukuma kuandika ni hiki: wanawake wengi wanaoumia wakati wa tendo la ndoa hununua kitu kisichowafaa, kikawachoma, kisha wakakata tamaa wakasema basi, umri umefika. Mimi sikubali. Ukavu huu una sababu inayojulikana na una tiba, na ya kuanzia unaipata kemisti bila cheti cha daktari.

Hedhi inapokaribia kukoma, ovari hupunguza kutoa estrojeni. Ngozi laini ya ndani ya uke huitegemea homoni hiyo ili ibaki nene, inyumbuke na ipate damu ya kutosha. Homoni ikishuka, ngozi huwa nyembamba na ute hupungua. Asidi ya uke nayo hubadilika. Kwa mwanamke anayepata hedhi, pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) huwa kati ya 3.8 na 4.5; baada ya hedhi kukoma hupanda kupita 5, na wale bakteria wazuri wanaolinda uke hupungua. Ndiyo maana mtu ambaye hakuwa na shida ya mkojo huanza kupata maambukizi ya mara kwa mara na kukimbilia choo usiku. Wengi hawajui kwamba mambo haya mawili yana chanzo kimoja.

Tena lijueni hili: yale majoto ya ghafla kwa wengi hupoa miaka inavyokwenda, lakini ukavu haupoi wenyewe. Ukiachwa, kwa kawaida huzidi. Usingoje upite.

Sasa dukani. Kuna vitu viwili tofauti na watu huvichanganya. Cha kwanza ni kilainishi, yaani jeli inayopakwa wakati wa tendo lenyewe ili kupunguza msuguano. Kazi yake ikiisha, imekwisha. Cha pili ni jeli au krimu ya unyevu. Hiyo hutiwa ndani mara mbili au tatu kwa wiki, kuwe na tendo kusiwe, kwa sababu inashikamana na ukuta wa uke na kuuwekea maji kwa siku kadhaa. Ukisoma pakiti utakuta imetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki au polikabofili. Mwanamke anayekereka hata akitembea, akikaa au akijikausha baada ya kutoka chooni, kilainishi peke yake hakimtoshi. Huyo anahitaji jeli ya unyevu, na wakati wa tendo aongeze kilainishi. Anayeumia kwenye tendo tu anaweza kuanza na kilainishi.

Vilainishi vyenyewe ni vya aina tatu. Vya maji huoshwa kirahisi, havitoi mashuka madoa na havidhuru kondomu, ila hukauka upesi. Ikikauka katikati, usirundike jeli mpya. Tia matone ya maji kwanza, mara nyingi huteleza tena. Vya silikoni hudumu zaidi, havidhuru kondomu ya mpira, na mimi ndivyo ninavyowapendekezea wenye ukavu mkali. Bei yake iko juu, lakini matone machache yanatosha, basi chupa hukaa. Vya mafuta nitavieleza chini, najua swali linakuja.

Sehemu ninayotaka muishike sana ni nyuma ya pakiti. Jeli nyingi za maji zimejazwa gliserini na propilini glikoli ili ziteleze. Zikizidi, huvuta maji kutoka kwenye ngozi ya uke, kama chumvi inavyotoa maji kwenye embe mbichi. Unapaka ukitafuta unyevu, kumbe ngozi inazidi kukauka na kuwasha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2012, pamoja na UNFPA (shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu) na FHI 360 (shirika la afya lisilo la serikali), kwamba nguvu hiyo ya kuvuta maji, inayoitwa osmolaliti, isizidi 1200 kwa kipimo cha mOsm/kg, na ingefaa zaidi isipite 380. Nambari hiyo ni nadra kuiona kwenye pakiti. Basi tazama orodha ya viungo, ambayo kwa kawaida huanza na kilicho kingi. Gliserini ikifuata maji moja kwa moja, rudisha. Mwongozo huohuo unasema gliserini isipite asilimia 9.9 hivi, na propilini glikoli isipite 8.3.

Vingine vya kuepuka: manukato, ladha, jeli za "kupasha moto" au "kuburudisha" zenye mentoli au pilipili, na klorheksidini, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu na huua hata wale bakteria wazuri. pH ikiwa imeandikwa, tafuta iliyo karibu na 4.5. Maandishi ni madogo mno, kwa hivyo washa tochi ya simu na usione haya kusimama pale ukisoma. Pesa ni zako na mwili ni wako.

Ulizeni, nitajibu kadiri nijuavyo.

---

Bi_Kibokoni

Mwanangu, nimesoma yote. Sikatai kwamba una elimu. Lakini mambo haya sisi tulifundishwa na masomo zetu, yaani makungwi, chumbani, mlango umefungwa. Leo yanaanikwa kila mtu asome, hata vijana wadogo. Sitara imekwenda wapi?

FundiDawa_Majengo

Shikamoo bibi. Naiheshimu kauli yako, na ndiyo maana nimejaribu kuandika kwa adabu. Lakini somo alimfundisha mwari anayeolewa. Mwari huyo sasa ana miaka hamsini na mbili na wajukuu, na hakuna aliyemwita tena chumbani kumwambia mwili utabadilika vipi. Wanakuja kwangu wamejifunika ushungi, wanangoja wanaume waishe kaunta, kisha wananong'ona "nipe ile jeli." Jeli gani, ya nini, hakuna nafasi ya kueleza na nyuma watu wamepanga foleni. Hapa anaweza kusoma peke yake usiku, hakuna anayemwona. Hiyo pia ni sitara.

Na kwa kuwa umewataja masomo, kuna jambo lazima niliseme. Shabu, lile jiwe la kukausha. Tuliambiwa shabu hukaza na kukausha ili mume afurahi. Kwa msichana lilikuwa baya. Kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma ni kuichubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Na kujifukiza chini kwa udi, kutia ndimu, kujiosha ndani kwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu, yote hayo yanazidisha ukavu. Uke hujisafisha wenyewe. Osha nje kwa maji, basi. Udi fukiza nguo na chumba.

Bi_Kibokoni

Marahaba. La shabu nimelisikia. Binti yangu nitamwambia.

---

NaziMbata

Mimi natumia mafuta ya nazi, nayakamua mwenyewe nyumbani. Hayana kemikali hata moja. Kuna ubaya gani?

FundiDawa_Majengo

Dada, mafuta ya nazi safi wanawake wengi wanayatumia na hawadhuriki, na hata madaktari wengine hawayakatazi. Masharti ni mawili. Usiyatumie na kondomu ya mpira kamwe. Mafuta huulegeza mpira: majaribio ya maabara yaliyotumia mafuta ya madini, jamii ya yale ya kupaka watoto, yalionyesha kondomu inapoteza sehemu kubwa sana ya nguvu yake kwa dakika moja tu. Pili, ukiona muwasho au ute mzito mweupe kama mtindi, yaache na upimwe fangasi.

Ya nyumbani nayo yana shida zake. Yale yaliyokaa kwenye chupa jikoni, kijiko kimeingia na kutoka, samaki amekaangiwa, si ya kupeleka huko. Tenga kichupa kisafi, kidogo, cha kazi hiyo peke yake.

Vaseline usitie ndani. Inakaa, haioshiki, na wanaoitumia hivyo wameonekana kupata zaidi maambukizi ya bakteria ukeni. Mafuta ya watoto vilevile. Na mate, ambayo wengi ndiyo wanayoyakimbilia, hukauka haraka na yanaweza kubeba maradhi. Asali na maziwa ya mgando pia nimeona vikitajwa. Vyakula hivyo, viacheni mezani.

---

Mama_Mikindani

Mimi bado naona hedhi lakini inaruka, mwezi upo, miezi mitatu haupo. Mume wangu ni dereva wa malori, anakwenda hadi Kampala. Tunatumia kondomu. Ukavu umeanza na kondomu ndiyo inaniumiza zaidi. Nifanyeje?

FundiDawa_Majengo

Kondomu usiiache mama, na nakusifu kwa kuishikilia. Ngozi kavu huchanika kirahisi, na vidonda hivyo vidogo ndivyo njia ya virusi vya Ukimwi na maradhi mengine kupita. Tia kilainishi cha maji au cha silikoni nje ya kondomu ikishavaliwa, na kingine upake kwako kwenye mlango wa uke. Usibanie jeli. Watu wengi hutia tone moja kisha wakasema jeli haifanyi kazi.

Na mimba bado inawezekana. Hedhi huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Kinga ya mimba, wataalamu wanashauri iendelee mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyepita miaka 50, na miaka miwili kwa ambaye hajafika. Kondomu zenyewe vituo vya afya vya serikali huzitoa bure, na ukiwa pale uliza kama kuna vipakiti vya jeli, maana wakati mwingine huwepo.

---

BabaWawili

Samahani kina mama, naingia kidogo. Mke wangu amekuwa akinikwepa. Nilidhani nimemkosea au moyo umepoa. Juzi ndiyo akaniambia anaumia. Sikujua kama kuna kitu kama hiki. Mimi kama mume nafanya nini?

Nyali_52

Kaka, kwanza ahsante kwa kuuliza. Wangu ilinibidi nimweleze karibu kwa picha. Punguza haraka. Mwili wetu umri huu unahitaji muda mrefu zaidi kuwa tayari, damu haifiki kwa kasi ya zamani. Kama zamani dakika tano zilitosha, sasa hazitoshi, na si kwamba hatupendi.

FundiDawa_Majengo

Amesema kweli. Niongeze kitu. Mtu akishaumia mara kadhaa, misuli ya chini hujikaza yenyewe ikingoja maumivu, hata kama ukavu umeshatibiwa. Hapo mnaweza kukaa kwa muda bila kuingiliana, mkabaki na mapenzi mengine, jeli ya unyevu ikiendelea kufanya kazi yake. Misuli ikikataa kulegea kabisa, wapo wataalamu wa tiba ya viungo wanaofundisha kuilegeza. Na jeli nenda ukainunue wewe. Umpunguzie mzigo wa kunong'ona kaunta.

BabaWawili

Nitakwenda. Silikoni, si ya kupasha moto, nisome nyuma. Nimeandika.

---

UpepoWaKusi

Mimi nilitibiwa saratani ya titi, sasa niko kwenye letrozole. Ukavu wangu si wa mchezo, hata kukaa kwenye matatu kutoka Bamburi mpaka mjini ni adhabu. Nikiuliza naambiwa nishukuru niko hai. Nashukuru, lakini naumia.

FundiDawa_Majengo

Pole sana dada. Kushukuru hakukuzuii kutibiwa maumivu. Letrozole na anastrozole hushusha estrojeni iliyobaki mwilini mpaka chini kabisa, ndiyo kazi yake dhidi ya saratani, na ukavu wake huwa mkali kuliko wa kukoma hedhi kwa kawaida. Usiache dawa hiyo kwa sababu ya ukavu.

Kwako wewe visivyo na homoni ndivyo vya kuanzia: jeli ya unyevu ya asidi ya hayaluroniki. Wengine kwenye hali yako huhitaji kuitumia zaidi ya mara tatu kwa wiki, na wapake pia nje, kwenye mashavu na mlango wa uke, maana huko ndiko kunakouma unapokaa. Nguo ya ndani iwe ya pamba na isibane. Wakati wa tendo, silikoni. Ukitumia hivyo kwa miezi miwili au mitatu bila nafuu, mwambie daktari wako wa saratani waziwazi, taja maumivu na si "nasikia vibaya" tu. Wao na daktari wa wanawake ndio wa kuamua pamoja kama kuna zaidi ya hapo. Homoni usijinunulie, hata ile ya kupaka.

UpepoWaKusi

Nimelia kidogo. Hakuna aliyewahi kuniambia ni dawa. Ahsante.

---

Ummu_Z

Na mwezi wa Ramadhani? Na udhu? Ile jeli ya unyevu hutoka asubuhi, mimi inanisumbua kwenye swala.

FundiDawa_Majengo

Mimi si mwanachuoni, lakini ninalolijua kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi hapa pwani ni kwamba kinachoingizwa ndani ya uke mchana hubatilisha saumu. Dawa yenyewe kwa bahati njema inatakiwa usiku, wakati wa kulala, ili usisimame ikamwagika. Basi tia baada ya tarawehe, saumu yako iko salama. Kinachotoka asubuhi kitakutengua udhu; jisafishe na utawadhe. Siku za mwanzo hutoka zaidi, kitambaa chepesi ndani ya nguo kinasaidia. Ikiwa inatoka mfululizo hadi hupati nafasi ya kuswali, muulize ustadha wako, hali hiyo ina hukumu zake. Au punguza kipimo kidogo, wengine kijazo kizima cha kile kibomba cha kutilia huwa kingi mno.

La janaba: silikoni haitoki kwa maji matupu, inazuia maji yasifike kwenye ngozi. Kabla ya kukoga, sugua sehemu za nje kwa sabuni laini isiyo na manukato, kisha suuza. Anayetaka wepesi atumie ya maji.

---

Nyali_52

Nirudi na langu. Jeli ya unyevu nimeitumia vizuri, mkwaruzo wa mchana umekwisha, lakini tendo bado linachoma na mkojo unanisumbua tena na tena. Ndiyo basi?

FundiDawa_Majengo

Si basi. Jeli hizi hutia unyevu, hazirudishi unene wa ngozi. Kinachorudisha ni estrojeni yenyewe kwa kiwango kidogo, ikitiwa mahali palepale: krimu, kidonge kidogo cha ukeni, au pete katika nchi inakopatikana. Kwa krimu na vidonge, kawaida huanzwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Nafuu huanza ndani ya wiki chache, kamili inaweza kuchukua hadi miezi mitatu. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, si sawa na kumeza vidonge vya homoni, na hupunguza pia yale maambukizi ya mkojo. Inataka cheti cha daktari, na si kila kemisti inaiweka, kwa hivyo piga simu kabla ya kupanda tuktuk. Krimu hiyo si kilainishi. Usiipake wakati wa tendo, mume hana haja nayo.

Lakini mwambie daktari akutazame kwanza, asiandike tu. Kuna magonjwa ya ngozi yanayofanana na ukavu, hasa ukiona mabaka meupe na muwasho mkali usiku. Na hili ni kwa wote: hedhi ikiwa imeshakoma mwaka mzima, kisha ukaona damu, hata tone, hata baada ya tendo, usiseme ni ukavu. Nenda hospitali wiki hiyohiyo. Mara nyingi huwa si jambo kubwa, lakini saratani ya mji wa mimba na ya mlango wake huanza kujionyesha hivyo, na ikiwahiwa hutibika.

Hebu angalia pia dawa nyingine unazotumia. Vidonge vya mafua na mzio vinavyokausha pua hukausha na huko. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo pia.

Nyali_52

Natumia ya mzio kila siku, vumbi la ujenzi hapa mtaani. Nitamwambia.

---

Mama_Mikindani

Swali la mwisho kwangu. Joto hili la Mombasa, jeli naiweka wapi? Ya kwanza ilikuwa kwenye dirisha la bafu ikawa maji.

FundiDawa_Majengo

Dirishani itupe. Soma kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye pakiti; nyingi husema isizidi nyuzi 25 au 30, na chumba chenye bati saa nane mchana kinapita hapo. Weka kwenye kabati la chini mbali na jua, au chumba kinachopata upepo. Kama ni vidonge laini vya kuyeyuka ukeni na pakiti inaruhusu, weka ndani ya friji, si kwenye sehemu ya barafu. Ukishaifungua andika tarehe kwa kalamu juu ya tyubu, maana pakiti hueleza itumike miezi mingapi. Ikibadilika harufu au rangi, usiitumie. Na mpya ukiinunua, fanya jaribio kwanza: paka kidogo nje, kwenye shavu la uke, ungoje hadi kesho yake. Isipowasha, endelea.